Neno Linapovuka Mpaka: Upitishaji wa Data baina ya Lugha za Programu katika Rununu na Funzo Lake kwa Mwanafunzi wa Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanachunguza jinsi data zinavyopitishwa kutoka lugha moja ya programu hadi nyingine ndani ya programu moja ya rununu. Kwa kuifuata safari ya neno moja la Kiswahili, ng'ombe, kutoka kwenye kioo cha rununu hadi katika hifadhidata, makala yanaonyesha kwamba kinachovuka mpaka baina ya lugha hizo ni umbo wala si maana. Maana hujengwa upya ng'ambo ya pili kwa mujibu wa mkataba uliowekwa awali. Hoja inayotetewa ni kwamba mikataba hiyo inapoandikwa bila mjuzi wa Kiswahili, lugha huharibiwa mahali ambapo mtumiaji hawezi kupaona, na kwamba mwanafunzi wa Kiswahili ana kazi halisi ya kufanya mahali hapo.

1. Utangulizi

Mwanafunzi anayefungua kamusi ya Kiswahili katika rununu yake na kuandika neno mbuzi huipata maana yake papo hapo. Akiandika kondoo, hupata. Akiandika ng'ombe, huenda akaambiwa kwamba neno hilo halipo, au programu ikazimika ghafla mkononi mwake. Mtu huyu hushawishika kuamini kwamba kamusi ni pungufu. Ukweli ni kwamba neno limo, limeandikwa na kufafanuliwa ipasavyo. Lililoharibika ni njia ya kulifikia.

Njia hiyo ndiyo mada ya makala haya. Programu ya rununu huonekana kwa mtumiaji kama kitu kimoja, lakini ndani yake mna lugha kadhaa za programu zinazogawana kazi. Kila mara mtumiaji anapogusa kioo, data huvuka mpaka wa lugha moja na kuingia katika nyingine, pengine mara tatu au nne kabla ya jibu kurudi. Wataalamu wa tarakilishi wameyaandika mengi kuhusu mipaka hii, nao huitazama kama suala la uhandisi. Makala haya yanaitazama kama suala la lugha, kwa sababu makosa mengi yanayotokea mpakani ni makosa ambayo mwanafunzi wa isimu na tafsiri anayafahamu kwa majina mengine.

2. Kwa nini programu moja huwa na lugha nyingi

Mfumo wa Android ulipotolewa mwaka 2008, programu zake ziliandikwa hasa kwa Java, lugha iliyotangazwa na kampuni ya Sun Microsystems mwaka 1995. Mwaka 2017 Google iliidhinisha Kotlin, lugha iliyoasisiwa na kampuni ya JetBrains, itumike sambamba na Java. Hata hivyo, chini ya lugha hizi mbili kuna tabaka kongwe zaidi lililoandikwa kwa C na C++. Lugha ya C iliundwa na Dennis Ritchie mwanzoni mwa miaka ya 1970, na hadi leo ndiyo inayobeba kazi nzito zinazohitaji kasi. Kwa mfano, SQLite, hifadhidata iliyomo ndani ya Android na ambayo D. Richard Hipp aliianzisha mwaka 2000, imeandikwa kwa C.

Juu ya matabaka hayo limeongezwa jingine. Rununu za iPhone hutumia Swift na Objective-C, hivyo mwandishi anayetaka kuwafikia watumiaji wa pande zote mbili hulazimika kuiandika kazi moja mara mbili. Ili kuepuka adha hiyo, Facebook ilitoa React Native mwaka 2015, ambayo humwezesha mwandishi kutumia JavaScript kwa rununu zote. Google nayo ilitoa toleo la 1.0 la Flutter mwezi Desemba 2018, na lugha yake ni Dart.

Tuseme basi kwamba kamusi ya Kiswahili imeandikwa kwa Flutter. Kioo chake kitaongozwa na Dart. Ombi la mtumiaji litapokelewa na Kotlin kwa upande wa Android. Kotlin italigeuza ombi hilo kuwa swali katika SQL, ambayo ni lugha ya kuulizia hifadhidata. Hatimaye swali litafika kwa SQLite na kujibiwa ndani ya C. Neno moja limepita katika lugha nne.

Hali hii si ngeni kwa Mkenya. Mtu mmoja huzungumza lugha ya mama nyumbani, Kiswahili sokoni na Kiingereza ofisini, na kila lugha ina dhima yake. Tofauti ni kwamba mtu huyo huzibeba lugha zake zote katika akili moja inayoelewa. Rununu haina akili kama hiyo mpakani.

3. Tarishi, wala si mkalimani

Mwanafunzi wa tafsiri aliyemsoma Eugene Nida anaijua tofauti aliyoiweka mwaka 1964 baina ya ulinganifu wa kimuundo na ulinganifu wa kidhima. Katika ulinganifu wa kimuundo, mfasiri hufuata umbo la matini chanzi. Katika ulinganifu wa kidhima, humtazama mpokeaji na kuuliza: ataelewaje? Ili kufikia ulinganifu wa aina ya pili, mfasiri hana budi kuelewa anachokihamisha.

Anayehamisha data baina ya lugha za programu haelewi chochote. Yeye ni tarishi. Hupewa mzigo uliofungwa, huubeba na kuukabidhi. Ikiwa mpokeaji atauchukulia mzigo wa mahindi kuwa wa mchele, tarishi hatamkosoa. Kwa sababu hiyo pande zote mbili hukubaliana mapema kuhusu namna ya kufunga na kufungua mizigo. Makubaliano hayo ndiyo yanayoitwa mkataba katika makala haya.

Kuna njia kuu mbili za kupitisha mzigo. Ya kwanza ni kunakili. Mtumaji huivunja data kuwa mfululizo wa baiti, mfululizo huo huvuka, kisha mpokeaji huijenga data upya kwa upande wake. Flutter hufanya hivi katika mikondo inayounganisha Dart na Kotlin. React Native katika muundo wake wa awali ilifanya vivyo hivyo kwa kuuandika kila ujumbe kama matini ya JSON, ambayo ni namna rahisi ya kuandika data kwa mabano, nukta pacha na alama za kunukuu. Faida ya kunakili ni usalama, kwa maana kila upande una mali yake. Hasara yake ni muda na nafasi, kwa kuwa kila kitu huandikwa mara mbili.

Njia ya pili ni kuazima. Mwaka 1997, pamoja na toleo la 1.1 la Java, kulitolewa utaratibu uitwao JNI unaoiwezesha Java kuzungumza na C. Katika utaratibu huu, C haipewi neno lenyewe. Hupewa kitambulisho cha neno lililomo katika ghala la Java, kisha huomba kuazimwa baiti zake. Ikishamaliza kuzitumia, inalazimika kutangaza kwamba imezirudisha. Hapa ndipo waandishi wengi wa programu huteleza. Kukopa harusi, kulipa matanga: neno lililoazimwa lisiporudishwa, nafasi yake hubaki imeshikiliwa. Neno moja halina madhara. Kosa hilo likirudiwa mara nyingi mno, ghala linaweza kujaa na programu ikafungwa na mfumo bila maelezo yoyote.

React Native nayo imeelekea katika njia hii ya pili. Muundo wake mpya, uliofanywa kuwa wa kawaida katika toleo la 0.76 la mwaka 2024, huiruhusu JavaScript kushika moja kwa moja vitu vilivyomo katika C++ bila kuviandika upya kama matini. Kasi imeongezeka, lakini wajibu wa kujua nani anamiliki nini umeongezeka pia.

Wahenga walisema mjumbe hauawi. Katika njia zote mbili, kosa likitokea, si busara kumlaumu tarishi. Ni vyema kuusoma mkataba.

4. Safari ya neno ng'ombe

Mashine haijui herufi. Hujua nambari. Mkataba wa kimataifa unaozipa herufi nambari zake ni Unicode, ambao toleo lake la kwanza lilitolewa mwaka 1991. Kwa mujibu wake, herufi za ng'ombe ni 110, 103, 39, 111, 109, 98 na 101. Nambari 39 ndiyo ritifaa iliyonyooka inayopatikana katika baobonye za kawaida. Mwaka 1992 Ken Thompson na Rob Pike walibuni UTF-8, namna ya kuziandika nambari hizo kwa baiti. Chini ya UTF-8, kila herufi ya ng'ombe huchukua baiti moja, na neno zima baiti saba. Java na Dart huhesabu urefu wa neno kwa vizio vya biti 16, na hesabu yao pia ni saba. Hadi hapa kila upande umeridhika, na mwandishi wa programu hushawishika kuamini kwamba herufi na baiti ni kitu kimoja.

Imani hiyo huvunjwa na ritifaa. Programu za uchapishaji zina mazoea ya kuibadilisha ritifaa iliyonyooka kuwa iliyopinda bila kumwarifu mwandishi. Ritifaa iliyopinda ina nambari nyingine, 8217, nayo huchukua baiti tatu katika UTF-8. Kwa Java neno lina urefu uleule wa saba. Kwa C sasa lina baiti tisa. Ikiwa C ilitenga nafasi saba za neno na moja ya alama ya mwisho kwa kuitegemea hesabu ya Java, neno halitatosha. Ama litakatwa mkiani, ama litafurika na kuharibu data za jirani. Na iwapo upande mmoja utazisoma baiti tatu hizo kana kwamba ni herufi tatu za mkataba wa zamani wa Windows, msomaji ataona ng’ombe. Hakuna msomaji wa Kiswahili mtandaoni ambaye hajawahi kukutana na mnyama huyo.

Tatizo la tenzi zilizoandikwa kwa hati ya Kiarabu ni kubwa zaidi, kwa kuwa herufi za hati hiyo, zikiwemo zile zilizoongezewa nukta ili kuwakilisha sauti kama p na ch, huchukua baiti mbili kila moja. Anayetaka kuunda programu ya kusomea miswada ya Pwani hawezi kuchukulia popote kwamba herufi ni baiti.

Kuna tatizo jingine lisiloonekana kwa macho. Tuseme waandaaji wa kamusi waliyachapa maneno yao kwa ritifaa iliyopinda, naye mtumiaji anaandika iliyonyooka. Jicho la binadamu huona neno moja. Mashine hulinganisha 39 na 8217, huona kwamba hazilingani, na kujibu kwa uaminifu kwamba neno halipo. Mkataba umetekelezwa barabara na Kiswahili kimepotea.

Hatari kubwa zaidi imo katika kuingia SQL. Lugha hii hutumia ritifaa iliyonyooka kufungua na kufunga matini. Mwandishi asiye makini huliunga swali lake kwa kubandika neno la mtumiaji katikati, hivi:

SELECT maana FROM kamusi WHERE neno = 'ng'ombe'

SQL husoma ritifaa ya kwanza kama mwanzo wa neno, na ritifaa ya ng' kama mwisho wake. Kwake, neno linalotafutwa ni ng. Kilichobaki, ombe, ni takataka isiyofuata sarufi, na swali hukataliwa. Sehemu ya herufi ya Kiswahili imegeuzwa kuwa uakifishaji wa lugha nyingine. Ufa huohuo ndio unaotumiwa na wadukuzi kupenyeza amri zao ndani ya hifadhidata, hivyo kuuziba ni faida kwa wote. Tiba yake inajulikana: mahali pa neno huachwa alama ya kuuliza, kisha neno hupelekwa pembeni kama data tupu ambayo SQL hairuhusiwi kuisoma kama sehemu ya sentensi yake.

Baadhi ya waandishi huchagua tiba rahisi zaidi, nayo ni kuifuta ritifaa. Mtu anayejua fonolojia ya Kiswahili hawezi kuikubali. Ng' ni fonimu moja, nazali ya kaakaa laini, na ritifaa ni sehemu ya herufi hiyo katika tahajia sanifu. Ikifutwa, kung'oa mti na kukata ngoa huwa na shina moja la maandishi, ilhali ng'oa ni kitendo cha kutoa kitu kilichoshika na ngoa ni uchu au wivu. Inastaajabisha kwamba Unicode yenyewe inatambua suala hili kwa kiasi fulani. Ritifaa za 39 na 8217 zimewekwa katika kundi la alama za uakifishaji, lakini kuna ya tatu, nambari 700, iliyowekwa katika kundi la herufi. Kwa upande wa isimu, hiyo ndiyo inayoifaa ng' zaidi. Haimo katika baobonye za kawaida, na kwa hiyo ni nadra kutumiwa.

Suala hili haliishii kwenye kamusi. Majina ya Wakenya wengi yana ng'. Jina kama Ng'ang'a lina ritifaa mbili, na kila moja inaweza kuandikwa kwa namna tofauti au kufutwa. Mtu aliyesajiliwa katika programu moja kwa ritifaa iliyonyooka na katika nyingine bila ritifaa ni watu wawili machoni pa mashine. Pale huduma inapotolewa kwa kulinganisha majina, anayenyimwa ni mtu wa kweli, na hakuna karani wa kumweleza kwamba ni yeye yule.

5. Tarakimu, vipimo na saa

Wengi hudhani kwamba nambari, tofauti na maneno, huvuka mipaka salama. Si hivyo. JavaScript huziweka nambari zake za kawaida katika umbo la biti 64 lenye nafasi ya desimali, na nambari nzima kubwa kabisa ambayo inaweza kuiaminiwa ni 9,007,199,254,740,991. Java, katika aina yake ya nambari nzima za biti 64, hupita mbali zaidi ya hapo. Java ikituma 9,007,199,254,740,993, JavaScript hupokea nambari inayoishia na 992, wala hailalamiki. Mwaka 2010 kampuni ya Twitter, baada ya vitambulisho vya ujumbe wake kuelekea kuvuka kikomo hicho, ililazimika kutuma kila kitambulisho mara mbili: kama nambari na kama matini. Matini ndiyo iliyotegemewa.

Katika Flutter hali ni nyingine. Nambari nzima ya Dart inayotosha katika biti 32 hufika Kotlin ikiwa ya aina ndogo, na isiyotosha hufika ikiwa ya aina kubwa. Mwandishi aliyejaribu programu yake kwa nambari kubwa tupu hushangaa inapozimika siku nambari ndogo inapopita. Ni sawa na mtu aliyejifunza umoja wa nomino asijue wingi wake.

Kipimo nacho ni sehemu ya mkataba. Zamani mfanyabiashara wa Pwani aliyesikia "nne" alikuwa na haki ya kuuliza kama ni pishi au vibaba, kwa kuwa vibaba vinne ndivyo vinavyofanya pishi moja. Mashine haiulizi. Java huhesabu wakati kwa milisekunde kuanzia mwanzo wa mwaka 1970, na C kwa kawaida huhesabu kwa sekunde kuanzia hapohapo. Mwanzo wa mwaka 2020 ni sekunde 1,577,836,800. C ikituma nambari hiyo, nayo Java ikaichukulia kuwa ya milisekunde, tarehe itakayoonekana ni 19 Januari 1970. Kosa la kipimo la namna hii liliwahi kuangamiza chombo cha angani: Mars Climate Orbiter cha Marekani kilipotea tarehe 23 Septemba 1999 kwa sababu programu ya upande mmoja ilitoa matokeo katika vipimo vya Kiingereza, na ya upande wa pili ikayasoma kana kwamba ni vya metriki.

Kwa Mswahili, wakati una mtego wa ziada. Saa mbili asubuhi ya Kiswahili ni 08:00 katika mfumo wa mashine. Programu ya kukatia tiketi za basi ikipitisha matini "saa 2", upande wa pili unaweza kuisoma kama 02:00, na abiria atakuwa amelala wakati mashine inapodhani basi linaondoka. Wakijaribu kurekebisha, waandishi wa pande zote mbili wanaweza kuongeza saa sita, kila mmoja akidhani kwamba mwenzake hajafanya hivyo. Kanuni iliyo salama ni moja. Kinachovuka mpaka kiwe wakati wa mashine tu. Kugeuza kuwa saa za Kiswahili kufanywe mara moja, kwenye kioo, mbele ya macho ya msomaji.

6. Ngeli kama data

Mifano iliyotangulia inahusu data zinazoharibika zikivuka. Upo upotevu mwingine ambao hutokea kwa sababu kinachohitajika hakikutumwa kabisa.

Tuseme Kotlin imemaliza kutafuta katika orodha fulani na inataka kuiarifu Dart. Hutuma vitu viwili: nomino na idadi. Kwa mtu aliyezoea Kiingereza mkataba huu unatosha, kwa kuwa kitenzi "patikana" hakibadiliki kulingana na aina ya nomino. Katika Kiswahili hautoshi. Kitabu 1 kimepatikana, vitabu 3 vimepatikana. Mtoto 1 amepatikana, watoto 3 wamepatikana. Ndizi 1 imepatikana, ndizi 3 zimepatikana. Mikataba ya kimataifa ya data za lugha inatambua kwamba Kiswahili kina hali mbili za idadi, umoja na wingi, na hilo ni jambo la kushukuriwa. Hata hivyo, wingi bila ngeli ni nusu ya upatanisho.

Mwandishi wa programu anaweza kujaribu kuibashiri ngeli kwa kutazama silabi ya kwanza ya nomino. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa Kiswahili atampinga kwa neno moja: kiongozi. Umbo lake ni la KI-VI lakini upatanisho wake ni wa A-WA, kama vile kipofu, kijana na kifaru. Nomino nyingine hazina kiambishi cha kuonekana. Neno samaki halitoi dalili yoyote ya umoja, wingi wala uhai wake. Ngeli haisomeki kwenye umbo; ni maarifa aliyonayo mzungumzaji, na mzungumzaji hayupo mpakani.

Suluhisho ni kuifanya ngeli kuwa data. Pamoja na nomino na idadi, mkataba utaje ngeli katika uga wake wenyewe: A-WA, KI-VI, I-ZI na kadhalika. Gharama yake ni baiti chache. Faida yake ni sentensi ambayo Mswahili hataiona kuwa ya kigeni. Bila uga huo, waandishi wengi hukwepa kwa kuandika "Imepatikana: 3", maneno yasiyo na kiima. Ukwepaji huo ukirudiwa katika maelfu ya programu, kizazi kinachojifunza kusoma kwenye rununu kitaukuta Kiswahili kilichonyang'anywa upatanisho wake wa kisarufi, na huenda kikadhani ndivyo kilivyo.

7. Nafasi ya mwanafunzi wa Kiswahili

Tahajia ya Kiswahili sanifu ilijadiliwa na kuamuliwa na Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 katika Afrika Mashariki, kwa ajili ya vitabu na shule. Maamuzi kuhusu jinsi tahajia hiyo inavyovuka kutoka Dart hadi Kotlin, au kutoka Java hadi C, hufanywa kila siku na waandishi wa programu walio peke yao, wengi wao wakiwa hodari katika fani yao lakini hawana wa kumuuliza. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Huduma za umma zinapohamia kwenye rununu, urasmi huo hauwezi kuishia kwenye kichwa cha ukurasa.

Yapo mambo manne ambayo vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vyuoni vinaweza kuyafanya bila kusubiri fedha wala kujifunza kuandika programu. Kwanza, kuandaa orodha ya maneno ya majaribio, yaani maneno yanayojulikana kwamba huleta matatizo mpakani: ng'ombe, ng'oa na ngoa, Ng'ang'a kwa ritifaa zote tatu, pamoja na sampuli za hati ya Kiarabu. Programu itakayoyapitisha yote kwenda na kurudi bila badiliko itakuwa imefaulu mtihani wa kwanza. Pili, kupendekeza ritifaa moja ambayo nyingine zote zitageuzwa kuwa hiyo mara tu neno linapoingia, kabla halijavuka mpaka wowote. Tatu, kuandaa orodha ya nomino na ngeli zake katika umbo ambalo mashine inaweza kulisoma. Kazi hii imekwisha kufanywa na wanasarufi, kilichobaki ni kuipanga. Nne, kuketi na wenzao wa idara za tarakilishi na kuisoma mikataba yao. Mtu hahitaji kuijua C ili auone uga wa ngeli unaokosekana.

8. Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba ndani ya programu moja ya rununu mna lugha kadhaa, na kwamba data hupita baina yake kwa kunakiliwa au kuazimwa. Yameonyesha pia kwamba kinachovuka ni umbo tupu, ambalo maana yake hutegemea mkataba wa pande mbili kuhusu herufi, nambari, vipimo, wakati na sarufi. Kiswahili kina mahitaji yake katika kila kifungu cha mkataba huo, kuanzia ritifaa ndogo ya ng' hadi upatanisho wa ngeli. Mahitaji hayo hayawezi kujulikana na asiyekijua Kiswahili, na anayekijua akinyamaza, tarishi ataendelea kuupeleka mzigo kama alivyoupokea. Siku mwanafunzi atakapoandika ng'ombe katika rununu yake na kumpata, itakuwa ni kwa sababu mtu fulani, mahali fulani, aliuliza ritifaa ile ni herufi au ni alama. Swali hilo ni la isimu, na wenye kulijibu ndio wasomaji wa jarida hili.